Aliyepanda Viazi Hakuvivuna

Ndugu msikilizaji, ukipanda daladala siku hizi utawakuta vijana wameinamia simu, wanacheka peke yao na video za TikTok. Chombo hicho kilianzishwa na kampuni ya Kichina, ByteDance, iliyozaliwa mwaka 2012. Lakini Wachina hawakuanzia hapo. Wiki hii naomba turudi nyuma kidogo, tumkumbuke mtu aliyetangulia.

Jina lake Gary Wang. Aprili 2005, mjini Shanghai, alifungua mtandao ambao mtu yeyote angeweza kuweka video yake na wenzake wakaitazama. Mwezi huo huo ndipo video ya kwanza iliwekwa YouTube, kule Marekani. Wang aliuita mtandao wake Tudou, yaani viazi, kwa mzaha juu ya watu wanaoshinda kochini mbele ya televisheni, ambao Wamarekani huwafananisha na viazi.

Mwaka uliofuata akaja mshindani, Youku, wa Victor Koo. Mwaka 2009 serikali ya China ikaifungia YouTube, na uwanja ukabaki wa wenyeji. Walakini, kuendesha mtandao wa video ni gharama kubwa. Mitambo inataka fedha, na filamu za watu zinataka kulipiwa. Wote wawili wakakimbilia soko la hisa la Marekani kutafuta mtaji.

Novemba 2010 Tudou ilipeleka maombi yake. Mara tu baada ya hapo, mtalaka wa Wang akafungua kesi akidai haki yake katika hisa zilizopatikana wakati wa ndoa, na mahakama ya Shanghai ikazizuia hisa hizo. Safari ikakwama. Desemba mwaka huo huo Youku ikaingia sokoni New York, na siku ya kwanza tu bei ya hisa yake ikapanda kutoka dola 12.80 hadi zaidi ya dola 33.

Tudou ilifika Agosti 2011, baada ya shauri lile kumalizwa kwa maelewano. Sherehe ilikuwa imekwisha, na siku ya kwanza hisa zake zikashuka bei. Tangu hapo wenye mitaji China wakawa waangalifu. Kabla ya kutoa fedha zao, huulizia kwanza ndoa ya mwenye kampuni.

Kampuni hizo mbili zikaendelea kushitakiana kwa kuibiana vipindi. Machi 2012 zikatangaza kuungana. Wenye hisa wa Youku walichukua asilimia 71.5, wa Tudou 28.5, na Wang akaondoka. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: mwaka 2016 Alibaba ikakamilisha kuwanunua wote.

Wako watakaosema mwanamke yule ndiye aliyeiangusha Tudou. Mimi sikubali. Kudai haki mahakamani si kosa. Kosa ni kujenga nyumba ya ghorofa juu ya kiwanja ambacho mgawanyo wake haujaandikwa. Biashara ngapi za familia tumeziona zikifa hivyo, mume na mke, au ndugu kwa ndugu?

Wang hakukata tamaa. Mwaka 2013 alianzisha Light Chaser, kampuni ya filamu za katuni, ambayo mwaka 2023 ilitoa filamu ya Chang'an, ikajaza majumba ya sinema China. Naam, mkulima hodari hutafuta shamba jingine. Ila safari hii, natumaini, hati aliiandika mapema.