Bangili za Bakelite: Namna ya kutambua halisi na bandia

BANGILI za plastiki ya kale iitwayo Bakelite, ambazo wanawake wengi wa Marekani walizivaa miaka ya 1930 kwa sababu zilikuwa rahisi, leo hutafutwa kwa udi na uvumba na wakusanyaji wa mapambo ya zamani. Kwa vile baadhi yake huuzwa kwa mamia ya dola, za kuigiza nazo zimejaa sokoni, na mnunuzi asiye na ujuzi huweza kupoteza pesa zake bure.

Asili yake

Bakelite ilivumbuliwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mwanakemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani. Aliipata kwa kuchanganya kemikali mbili, fenoli na fomaldehidi. Ikishakuwa ngumu, plastiki hii haiyeyuki tena hata ikipashwa moto. Hapo awali ilikuwa ya rangi nzito, hasa nyeusi na hudhurungi, nayo ilitengenezewa simu, redio na swichi za umeme.

Muda wa hataza ya Baekeland ulipoisha mwaka 1927, kampuni ya American Catalin Corporation ilianza kutengeneza aina yenye rangi za kuvutia. Aina hiyo huitwa Catalin, lakini wakusanyaji huzijumuisha zote kwa jina la Bakelite. Rojo lake lilimiminwa katika kalibu, likaokwa hadi likakauka, kisha mirija iliyopatikana ikakatwa kuwa bangili. Mafundi walizinakshi na kuzing'arisha moja moja.

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwafanya wengi kukimbilia mapambo hayo ya bei nafuu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, plastiki zisizohitaji kazi nyingi ya mikono zilichukua nafasi yake.

Jinsi ya kuzipima

Bangili halisi ni nzito kuliko ya plastiki ya kisasa, na mbili zikigonganishwa hutoa mlio mzito. Haina mshono unaoachwa na kalibu. Ikisuguliwa kwa kidole gumba hadi ipate joto, au ikitiwa katika maji moto kwa muda mfupi, hutoa harufu kali ya dawa.

Wengine hutumia Simichrome, dawa ya kung'arishia metali. Kitambaa chenye dawa hiyo kikipitishwa upande wa ndani wa bangili, hugeuka manjano hata kama bangili ni nyekundu au kijani. Hata hivyo, bangili nyeusi na zilizosuguliwa upya huweza kushindwa jaribio hili ingawa ni halisi, hivyo kipimo kimoja hakitoshi.

Kuchoma bangili kwa sindano ya moto hakufai kabisa. Huacha alama, na iwapo ni ya seluloidi, yaweza kushika moto.

Thamani na utunzaji

Zenye nakshi za kina, madoadoa au rangi kadhaa zilizounganishwa ndizo ghali zaidi, ilhali nyufa hupunguza bei. Rangi nayo hubadilika kwa miaka: nyeupe huwa manjano, na buluu huelekea kijani. Bangili zihifadhiwe mbali na jua na sabuni kali.

Kabla ya kulipa, mnunuzi hushauriwa kudai risiti inayotaja Bakelite, ili aweze kuirejesha bangili iwapo itabainika kuwa bandia.