Habari za Dawa na Malipo Yake katika Nchi ya Mishamo

Katika Jubilei hii tumetaja makanisa yaliyojengwa na mapadre waliopewa daraja, na ni vema. Walakini liko swali ambalo halikukoma katika nchi hii tangu mwanzo, nalo ni hili: mgonjwa asiye na fedha atatibiwa na nani?

Kwanza tukumbuke Karema. Wabelgiji walijenga ngome pale ufukoni mwa ziwa mwaka 1879, na mwaka 1885 Mapadre Weupe wakapokea mahali pale. Mwaka 1889 akafika Adrian Atiman, mtu wa nchi za mto Niger, aliyetekwa utotoni, akakombolewa na mapadre, kisha akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Akawa katekista na mganga palepale Karema mpaka kufa kwake mwaka 1956. Hakuna mchuuzi wa dawa ambaye angalikaa huko miaka 67, maana faida haikuwako.

Mishamo yenyewe ilikuwa pori. Mwaka 1978 Serikali, pamoja na UNHCR na shirika la TCRS la Walutheri, ikafungua makazi kwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wengi walikuwa wamekaa kwanza Ulyankulu, ambako ardhi na maji havikuwatosha. Basi wakaletwa kwa malori, wakagawanywa katika vijiji 16.

Sasa itazameni miaka. Mwaka 1977 Bunge lilikuwa limetunga sheria ya kukataza uganga wa kutafuta faida. Walioachwa ni mashirika ya dini na mengine yaliyokubaliwa. Hivyo Mishamo ilianza mwaka mmoja baada ya soko kufungwa. Lakini hata kama soko lingalikuwa wazi, ni nani angalipeleka mali yake msituni kuwauzia dawa watu walioshuka na mafurushi kichwani? Wanaolisifu soko peke yake na wajibu hilo.

Tena haki iwe kwa pande zote. Mwaka 1985 TCRS ilikabidhi kazi kwa Serikali. Nayo ilikuwa miaka ya dhiki: vita vya Kagera vilikuwa vimekula mali nyingi, fedha za kigeni zilikuwa haba, na dawa nyingi zilinunuliwa ng'ambo kwa fedha hizohizo. Sheria yaweza kusema kwamba mgonjwa atibiwe bure, wala haiwezi kujaza kabati la zahanati. Ndipo mwaka 1991 uganga wa faida ukaruhusiwa tena, na mwaka 1993 hospitali za Serikali zikaanza kutoza malipo.

Mwaka 2003 Serikali ilianza huko Ruvuma mpango wa maduka ya dawa muhimu: muuzaji hufundishwa, hukaguliwa, na kupewa orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza. Baadaye mpango ukafika mkoa wa Rukwa, uliokuwa na Mpanda ndani yake mpaka Katavi ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Mimi naona mpango huu una busara, maana duka huwa wazi hata saa ambayo zahanati imefungwa. Hata hivyo duka humpima mgonjwa kwa fedha yake. Mama mwenye fedha ya nusu dozi hununua nusu dozi, naye mtoto hapati nafuu ila siku mbili.

Kwa ajili hiyo ikatungwa sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 2001. Baadaye mchango wake ukawekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu sita wa nyumba moja. Mwaka 2014 Warundi wale waliokubaliwa kuwa raia walianza kupewa hati zao, wakawa Watanzania kama sisi. Mwaka 2023 ikaja sheria ya bima ya afya kwa wote.

Bima yo yote itakayofika vijijini, mchango wake uombwe wakati wa kuuza tumbaku na mahindi, nao makatekista watangaze wakati huohuo. Wakingoja Februari, ghala zikiwa tupu, watarudi na daftari jeupe.