Fuvu kwenye Lebo ya AZT

Mwishoni mwa miaka ya 1990 picha moja ilikuwa ikizunguka Afrika Kusini na kwingineko duniani. Ilionyesha lebo ya kichupa cha maabara chenye miligramu 25 za unga, ikiwa na fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana. Maandishi yake yalionya kwamba kilichomo ni sumu kikivutwa kwa pumzi, kikigusa ngozi au kikimezwa. Kwamba hudhuru damu na uboho. Na kwamba anayekishika avae mavazi ya kujikinga. Kilichomo kilikuwa zidovudini, dawa ya kwanza iliyoidhinishwa dhidi ya virusi vya UKIMWI, ambayo wengi waliifahamu kwa herufi tatu: AZT. Walioisambaza picha hiyo walikuwa na swali la kumtisha mzazi yeyote. Vipi mjamzito apewe kitu ambacho mtu wa maabara hathubutu kukigusa bila glavu?

Lilikuwa swali la haki, na lilistahili jibu la subira. Lebo haikudanganya. AZT ni kemikali kali, na tangu mwanzo watu wamekuwa wakijifunza, mara nyingi kwa gharama ya afya ya wagonjwa, ni kiasi gani chake kinasaidia na kiasi gani kinaumiza. Lakini ile lebo iliandikwa kwa ajili ya mtu anayeshughulika na unga mtupu, ambaye haumwi na hana faida yoyote ya kuuvuta. Kumsomea onyo hilo mgonjwa, bila kumweleza dozi yake wala ugonjwa unaomkabili, ni kumnyima nusu ya habari.

AZT ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1964 mjini Detroit, Marekani, na mkemia Jerome Horwitz, aliyekuwa akitafuta dawa ya saratani. Alichukua thimidini, mojawapo ya vipande vinne ambavyo seli huviunganisha kutengeneza DNA, akapachika kikundi cha atomi tatu za naitrojeni, yaani azidi, mahali ambapo kipande kinachofuata kingeshikana nacho. Seli ikiokota kipande hicho bandia mnyororo unakatikia hapo. Panya wenye saratani ya damu hawakupata nafuu, Horwitz akaiweka kando, wala hakuiombea hataza. Miaka kumi baadaye, nchini Ujerumani, Wolfram Ostertag alionyesha kwamba inazuia aina fulani ya virusi vya panya. Wakati huo hapakuwa na ugonjwa wa binadamu uliojulikana kusababishwa na virusi vya namna hiyo, kwa hiyo habari ikaishia kwenye jarida.

Mtu wa kwanza kukabiliwa na hatari za dawa hii alikuwa mkemia anayeitengeneza. Azidi ya sodiamu, inayotumika sana viwandani kupachika zile naitrojeni tatu, ni sumu kali inayofananishwa na sianidi. Ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu inayoweza pia kulipuka. Mabaki yake yakimwagwa kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi hujenga ndani ya bomba chumvi zinazolipuka kwa kugongwa tu. Fundi bomba asiyejua lolote anaweza kufungua nati miezi kadhaa baadaye akaumia vibaya. Ndiyo maana maabara na viwanda huyakusanya mabaki hayo kwenye vyombo maalumu na kuyaua nguvu kwanza kabla ya kuyatupa.

Kisha ukaja UKIMWI. Mwishoni mwa 1984 Janet Rideout na wenzake katika kampuni ya Burroughs Wellcome, jimbo la North Carolina, walikuwa wakichambua kemikali za zamani kutafuta chochote kinachoweza kuzuia virusi hivyo. AZT ilikuwa miongoni mwazo. Februari 1985 Hiroaki Mitsuya na Samuel Broder, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, walithibitisha kwamba inazuia virusi visizaliane ndani ya seli. Julai mwaka huohuo mgonjwa wa kwanza akapewa. Thimidini ilikuwa adimu kiasi kwamba taasisi hiyo ililazimika kutoa akiba yake, ambayo ilitokana na mbegu za kiume za samaki aina ya heringi.

Majaribio makubwa yalihusisha wagonjwa 282, wengine wakipewa AZT na wengine kidonge kisicho na dawa. Septemba 1986 yalisimamishwa kabla ya muda wake: waliokuwa kwenye kidonge kitupu walikufa 19, waliokuwa kwenye AZT alikufa mmoja. Haikuwezekana tena kumnyima mtu dawa hiyo. Tarehe 19 Machi 1987 ikaidhinishwa.

Hesabu ya damu, hata hivyo, ilitisha. Asilimia 24 ya waliopewa AZT waliishiwa damu vibaya, na asilimia 21 walihitaji kuongezewa damu zaidi ya mara moja. Dozi ilikuwa miligramu 250 kila saa nne, usiku na mchana, jumla 1,500 kwa siku. Watu walilala na vikengele vya kuwaamsha usiku wa manane wameze. Uboho hutengeneza seli mpya za damu bila kupumzika, hivyo unahitaji thimidini nyingi, na AZT iliuumiza mno. Misuli nayo ikalegea kwa baadhi yao, kwa kuwa dawa iliingilia mitokondria, sehemu za seli zinazotengeneza nishati. Bei ilikaribia dola 10,000 kwa mwaka. Mtu aliuza nyumba ili anunue dawa iliyomfanya ahitaji damu ya watu wengine.

Mwaka 1990 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha miligramu 600 kwa siku, chini ya nusu ya dozi ya awali, baada ya kuonekana kwamba kazi ni ileile na madhara ni machache. Naamini miaka hiyo mitatu ndiyo iliyoipa AZT jina baya ambalo halijafutika. Haraka ile inaeleweka, kwa kuwa watu walikuwa wakifa kila siku. Hata hivyo, waliomezeshwa dozi kubwa kupita haja walikuwa na haki ya kukasirika, na hasira yao ndiyo iliyokuja kutumiwa na wengine. Kisha mwaka 1993 utafiti wa Concorde, wa Uingereza, Ireland na Ufaransa, ulionyesha kwamba kuianza AZT peke yake mapema, kabla mtu hajaugua, hakurefushi maisha. Virusi viliizoea. Ilihitaji dawa nyingine pembeni yake.

Ilipong'ara ni kwa mama na mtoto. Februari 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Marekani na Ufaransa: watoto walioambukizwa na mama zao walishuka kutoka asilimia 25.5 hadi 8.3. Afrika ikataka njia fupi na nafuu zaidi. Dar es Salaam, Kampala, Durban na Johannesburg zikaingia katika utafiti ulioitwa PETRA, uliopima AZT pamoja na dawa nyingine ya virusi hivyo, lamivudini. Akina mama walioanza dawa wakiwa na mimba ya wiki 36, wakaendelea wakati wa kujifungua na siku saba baadaye pamoja na watoto wao, walikuwa na maambukizi ya asilimia 5.7 mtoto alipofikisha wiki sita. Kwa waliopewa dawa isiyo na kitu ilikuwa asilimia 15.3. Hospitali ya Mulago, Kampala, nayo ilionyesha mwaka 1999 kwamba dozi moja ya dawa nyingine, nevirapini, kwa mama na moja kwa mtoto hupunguza maambukizi karibu kwa nusu, ikilinganishwa na AZT ya muda mfupi.

Katika mwaka huohuo, tarehe 28 Oktoba, Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini alisimama bungeni Cape Town akasema yapo maandiko mengi ya kisayansi yanayodai AZT ni sumu na hatari kwa afya, akawashauri wabunge wakajisomee wenyewe kwenye intaneti. Huko ndiko lile fuvu lilikokuwa likiwangoja. Serikali yake ikasitasita kuwapa wajawazito dawa, hata nevirapini ilipotolewa bure na mtengenezaji, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoiamuru Julai 2002. Mwaka 2008 watafiti wa Harvard walikadiria kwamba kuchelewa huko kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000, na kwamba watoto wapatao 35,000 walizaliwa na virusi ambavyo vingeweza kuzuiwa. Siwezi kuyasoma makadirio hayo bila uchungu, kwa sababu wanawake wa Durban na Johannesburg walikuwa wameshajitolea miili yao katika PETRA ili jibu lipatikane.

Kwingineko Afrika hatari ya AZT ilishughulikiwa kwa kupima. Katika utafiti wa DART, ulioanza mwaka 2003 Uganda na Zimbabwe, wagonjwa zaidi ya 3,300 walipewa dawa zenye AZT. Katika wiki 48 za kwanza asilimia 6.6 waliishiwa damu vibaya kabisa, na hapa malaria na lishe duni tayari huwa vimeshapunguza damu ya wengi. Wauguzi wakajua la kufanya: pima himoglobini kabla ya kuanza, irudie wiki za mwanzo, na ikishuka badilisha dawa.

Tena unga ule ulifika Afrika Mashariki wenyewe. Mwaka 2011 Universal Corporation ya Kikuyu, Kenya, ilipata kibali cha ubora cha Shirika la Afya Duniani kwa kidonge cha lamivudini na zidovudini. Malighafi za namna hii hutoka zaidi India na China, zikiwa kwenye mapipa, ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Kwa kanuni za viwanda vya dawa, pipa hufunguliwa kwenye chumba cha kupimia tu. Hewa hushuka kutoka darini na kunyonywa chini, mbali na uso wa mpimaji, kupitia vichujio. Yeye huvaa ovaroli iliyofunika nywele na shingo, glavu mbili, miwani, na kipumulio kinachofunga barabara usoni. Unga ni mweupe au wenye udhurungi kidogo, hauna harufu, hivyo pua haimwonyi. Ukimwagika haufagiliwi, hufutwa kwa kitambaa kibichi. Mavazi hubaki palepale, hayaendi nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za watoto.

Tahadhari hizo zina sababu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka zidovudini mwaka 2000 katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2004 taasisi ya usalama kazini ya Marekani iliiorodhesha kati ya dawa za kushikwa kwa uangalifu. Mgonjwa humeza kidonge kilichopakwa utando, dozi iliyopimwa, na hupata uhai. Mpimaji hupata vumbi tu, mwaka baada ya mwaka. Ndiye aliyeandikiwa lebo, na damu yake ndiyo inayopaswa kupimwa mara kwa mara kwa gharama ya mwajiri.

Siku hizi watu wazima wengi wanatumia kidonge chenye tenofovi, lamivudini na dolutegravi. AZT imebaki zaidi kwa watoto wachanga walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa, ikiwa dawa ya maji, pamoja na nevirapini, kwa wiki sita za kwanza. Muuguzi humpima mtoto uzito, huivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, humwonyesha mama mstari wa kuishia, kisha humpa tarehe ya kurudi.