Santuri ya Watu wa Vumbi

Tarehe 26 Aprili 1940, Woody Guthrie aliingia studio ya kampuni ya Victor mjini Camden, New Jersey, akiwa na gitaa na harmonika. Alikuwa na miaka 27. Nyimbo nyingi za albamu yake ya kwanza zilirekodiwa siku hiyo hiyo: sauti moja, gitaa moja, bila bendi. Albamu ikaitwa Dust Bowl Ballads, yaani nyimbo za masimulizi za nchi ya vumbi. Wimbo mmoja humo unaitwa "Dust Bowl Refugee". Mkimbizi. Neno hilo sisi wa kambini hatuhitaji kutafsiriwa.

Sasa, mkimbizi gani huyo? Hakuvuka mpaka wa nchi. Alikuwa raia wa Marekani ndani ya Marekani, yule ambaye leo mashirika yangemwita mkimbizi wa ndani. Kwenye nyanda za kati, Oklahoma, Texas, Kansas na majirani zao, wakulima walikuwa wameng'oa majani ya asili kwa trekta ili walime ngano. Bei ikaanguka, halafu tangu 1931 ukame ukaingia. Udongo usio na mizizi ya kuushika ukapeperuka. Tarehe 14 Aprili 1935, siku iliyobaki na jina la Jumapili Nyeusi, ukuta wa vumbi ulifunika jua mchana. Guthrie alikuwa Pampa, Texas, na wapo waliodhani ndiyo kiyama. Lakini si vumbi peke yake lililofukuza watu. Madeni ya benki yaliwafukuza, na wenye mashamba waliwatoa wapangaji wao ili trekta zifanye kazi.

Wakaenda California kuchuma matunda na pamba. Huko wakapewa jina la kejeli, "Okies", hata kama mtu hakutoka Oklahoma. Februari 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles alituma askari mpaka kwenye mipaka ya jimbo, mbali kabisa na mji wake, wawarudishe wasio na pesa. Wimbo "Do Re Mi" unahusu jambo hilo, na Guthrie anauimba kwa utani: California ni bustani nzuri, ila huna hela basi rudi ulikotoka. Msikilizaji anacheka kwanza, halafu anajiuliza anacheka nini.

Guthrie mwenyewe hakuwa mkulima. Alizaliwa Okemah, Oklahoma, 1912, akaishi kwa kuchora vibao vya maduka na kupiga gitaa. Alipofika California alipata kipindi cha redio Los Angeles, akawa anatembelea kambi za vibarua na kuwaimbia. Kwa hiyo aliyajua mambo kwa kuyaona, na mengine kwa kuyapitia. Nyimbo alizijenga juu ya tuni za zamani ambazo watu walikuwa nazo tayari. "Tom Joad", kwa mfano, imekaa juu ya tuni ya "John Hardy". Wimbo huo unasimulia riwaya ya John Steinbeck ya 1939, The Grapes of Wrath, ambayo filamu yake ilitoka mwanzoni mwa 1940. Ukawa mrefu kushinda upande mmoja wa santuri, ikabidi ukatwe vipande viwili. Guthrie alieleza sababu ya kuutunga: watu wa kwao hawana pesa ya kitabu wala ya sinema, lakini wimbo utawafikia.

Je, ulifika? Albamu ilitoka Julai 1940, mikoba miwili yenye santuri tatu tatu. Haikuuzwa sana. Kumbuka kwamba familia inayolala ndani ya gari haina gramafoni. Waliosikiliza zaidi walikuwa watu wa mijini, wasomi na wanaharakati. Baadaye Victor hawakutaka kuichapa tena, mpaka Folkways, kampuni ndogo ya Moses Asch, ilipoitoa upya 1950. Victor waliitoa tena 1964, wakati vijana kama Bob Dylan walishamfanya Guthrie kuwa mwalimu wao. Guthrie wakati huo alikuwa hospitalini, ugonjwa wa Huntington umeshamnyang'anya gitaa. Alifariki 1967.

Lakini kuna upande mwingine ambao tusiusahau. Kiangazi hicho hicho cha 1940, na tena 1941, Charles Todd na Robert Sonkin walizunguka kambi za serikali za California na mashine ya kurekodi, kwa niaba ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Walifika Arvin, Shafter, Visalia na kwingineko. Kumbe wakazi walikuwa wanaimba siku zote! Walikuwa na nyimbo za mababu, na nyingine mpya za maisha ya kambi. Hata mikutano ya kamati ya wakazi ilirekodiwa, watu wakibishana kama tunavyobishana sisi. Sauti hizo zimehifadhiwa hadi leo, lakini nani anazijua? Dunia inamjua Guthrie.

Simlaumu. Alifanya kitu ambacho ripoti nyingi kuhusu watu kama sisi hazifanyi. Ripoti inahesabu hema, maji na mgao, na picha ya mtoto analia. Guthrie alitaja askari wa mpakani, mwenye shamba, na genge la kukodiwa linalopiga vibarua usiku katika "Vigilante Man". Watu wake wana akili, wana hasira na wana utani. Hawaombi kuonewa huruma, wanauliza nani amewaleta hapa.

Hata hivyo naye aliacha watu nje. Wamexico waliochuma mashamba hayo kabla ya Okies, na wengi wao kuondolewa nchini katika miaka hiyo ya 1930, hawamo kwenye albamu. Ilibidi ifike Januari 1948, ndege ilipoanguka Los Gatos na kuua watu 32, 28 kati yao Wamexico waliokuwa wanarudishwa kwao. Habari zilizosambaa ziliwaita tu waliofukuzwa, bila majina. Guthrie akatunga shairi la kulalamikia hilo. Majina yao yalichongwa kwenye jiwe la kaburi lao mwaka 2013, miaka 65 baadaye.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kwaya zetu na wapiga gitaa wetu wanatunga kila wiki. Simu za kurekodi zipo. Tunaporekodi, tutaje jina la mtunzi, alikotoka na tarehe, kama mwenyewe anakubali na jina halitamletea hatari. Na nyinyi wa mashirika mnaokuja na kamera, kabla hamjaandika habari yetu, ulizeni kwanza kama tayari kuna mtu ameshaiimba.