Majuto ni mjukuu: Tuwarekodi wazee wetu kwa lugha yao

Desemba moja hivi karibuni, binti wa ndugu yangu alimleta nyumbani kijana aliyetaka kumwoa. Boma letu liko upande wa Nyamira, mwendo mfupi kutoka ukingo wa milima ya Manga. Wageni walikaribishwa, wakaketi, na kabla hata chai haijamiminwa likaulizwa lile swali ambalo kila Mgusii hulitarajia siku kama hiyo: kijana huyu ni wa egesaku gani?

Egesaku ni ukoo, watu wanaojihesabu kuwa wametokana na babu mmoja upande wa kiume. Watu wa egesaku kimoja hawaoani. Kijana akajibu vizuri, kwa heshima, kwamba kwao ni Nyaribari, akataja na ukoo wake. Hapo mzee mmoja jirani yetu akakohoa kidogo, akasema: "Lakini nilisikia zamani kwamba hata nyinyi, asili yenu ni huko huko."

Kimya kikatanda. Binti akainamisha kichwa. Ndugu yangu akanigeukia: "Profesa, wewe ndiye uliyesomea historia. Si ulimhoji mzee? Hebu tuambie."

Kweli nilimhoji. Mwaka wa 1981 nilikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wakati huo sisi wanafunzi wa historia tulikuwa na moto. Bethwell Ogot alikuwa ameonyesha mwaka wa 1967, katika kitabu chake kuhusu Wajaluo wa kusini, kwamba jamii isiyokuwa na maandishi ina historia inayoweza kuchunguzwa kwa makini. Naye William Ochieng' alikuwa amechapisha mwaka wa 1974 historia ya Abagusii kabla ya ukoloni, akitegemea sana masimulizi ya wazee. Basi likizo ilipofika nikabeba daftari, nikaenda kuketi na sokoro, yaani babu yangu mzaa baba, jioni tatu mfululizo. Alifariki miaka mitatu baadaye.

Siku ile ya wageni niliingia ndani nikalitafuta daftari. Nililipata, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Ukurasa niliouhitaji ulikuwepo na mwandiko ulisomeka. Nilikuwa nimeandika hivi: "Baba aliletwa hapa akiwa mtoto, mwaka wa njaa, ng'ombe walipokwisha. Alivushwa mto usiku."

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu, na kila mara jasho liliongezeka.

Msomaji wa Kiswahili ataniuliza, tatizo liko wapi? Baba ni baba. La hasha! Katika Ekegusii, baba ni mama. Mzazi wa kiume anaitwa tata. Siku hizi vijana wengi wa Kisii na Nyamira husema "mama" kama Wakenya wengine, lakini sokoro hakusema hivyo hata siku moja. Kinywani mwake, "baba" alikuwa mwanamke aliyemzaa. Nami, kwa haraka ya ujana na kwa kujiona msomi, nilikuwa nikiandika nusu Kiswahili, nusu Ekegusii, nikitafsiri papo hapo. Je, neno lile nililiandika kama lilivyotoka kinywani mwake, au nililitafsiri? Nilipoandika nilijua. Miaka arobaini baadaye sikujua tena.

Wala sarufi haikunisaidia. Kiswahili na Ekegusii ni lugha za Kibantu, na zote hazibagui mume na mke katika viambishi vya nafsi. "Aliletwa" yuaweza kuwa mvulana, yuaweza kuwa msichana. Uzuri wa lugha zetu, ambao mimi mwenyewe huusifu darasani, siku hiyo uliniponza.

Mambo mawili tofauti kabisa yalikuwa yamejificha katika neno hilo moja. Ikiwa aliyeletwa ni mama yake sokoro, basi alikuwa msichana aliyekuja katika njaa, akakua, akaolewa hapa. Ukoo wetu haubadiliki, harusi iendelee. Lakini ikiwa ni baba yake, basi babu wa babu zetu alikuwa omomenyi.

Hilo nalo ni neno zito. Omomenyi, kwa wingi abamenyi, ni mtu aliyetoka kwingine akapokelewa, akakaa na ukoo usio wake. Nimejaribu kulitafsiri kwa Kiswahili nikashindwa. Ukisema "mgeni" umemfukuza, maana mgeni huondoka. Ukisema "mpangaji" umemtoza kodi. Ukisema "mkaazi" umefuta ile tofauti ambayo wenyeji hawakuisahau, hata kama kwa heshima hawakuitaja mbele yake. Mtu angeweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka mahali, wajukuu wake wakalima shamba lile lile, na bado siku ya ugomvi wa mpaka mtu akakohoa na kusema, "Lakini nyinyi asili yenu..." Kama alivyokohoa jirani yetu.

Na huo "mwaka wa njaa" haukuwa hadithi ya kubuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka ilifagia ng'ombe kote Afrika Mashariki. Kwa watu ambao ng'ombe walikuwa mahari, akiba na heshima yao, huo ulikuwa msiba wa kila kitu kwa pamoja. Nyakati kama hizo watoto walihamishwa kwenda penye chakula. Hilo latosha kuonyesha kwamba sokoro alikuwa akinieleza jambo la kweli. Mimi ndiye niliyelipokea vibaya.

Nataka msomaji aelewe kwa nini nilikwenda kwa sokoro badala ya kwenda kwa baba yangu mzazi. Katika mila ya Abagusii kuna chinsoni, kanuni za haya na staha kati ya kizazi cha mzazi na cha mtoto. Baba na mwanawe hawazungumzi chochote tu. Kuna mambo ya ndoa, ya uzazi, ya aibu za familia ambayo mzazi hawezi kuyafungua mbele ya mtoto wake. Lakini babu na mjukuu wana uhuru wao. Wanataniana, wanacheka, wanaulizana yasiyoulizika. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti huko Gusii katika miaka ya 1950, waliliona hilo waziwazi. Kwa hiyo historia ya familia haikupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Iliruka kizazi. Ilitoka kwa sokoro na magokoro, yaani babu na nyanya, ikaingia kwa wajukuu, jioni, penye moto.

Ukilijua hilo, utaona ni kitu gani kimevunjika. Shule za bweni ziliwaondoa wajukuu penye moto. Kazi za Nairobi, Mombasa na Nakuru zikawapeleka mbali zaidi. Leo mjukuu anafika nyumbani Krismasi kwa siku nne, simu mkononi, na magokoro anamsemesha Ekegusii naye anajibu kwa Kiingereza. Wanapendana sana, lakini hawaelewani. Na mzazi aliye katikati, hata akitaka kutafsiri, kuna mambo ambayo chinsoni inamziba mdomo.

Wapo watakaosema, tuna nyaraka bwana, kwa nini tuhangaike na wazee? Ni kweli, tunazo. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki G.A.S. Northcote, ofisa wa serikali ya kikoloni. Kisasi cha Waingereza kilikuwa kikali: nyumba zilichomwa, mifugo ikatekwa, watu wakauawa, hata Winston Churchill, aliyekuwa na cheo katika wizara ya makoloni huko London, akalalamika kwamba mauaji yale yalipita kiasi. Northcote alipona, na mwaka wa 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Haya yote yameandikwa. Faili zinatuambia nani aliamuru nini na ng'ombe walitekwa wapi. Lakini nenda ukatafute katika faili hizo jina la mtoto mmoja aliyekimbizwa usiku nyumba yao ikiteketea. Hutalipata. Hata Moraa, mwanamke ambaye Abagusii humkumbuka kwa kumchochea Otenyo, hajakaa mioyoni mwa watu kwa sababu ya faili. Aliwekwa hai na wazee waliosimulia.

Turudi kwa wageni wetu, maana chai ilikuwa inapoa.

Nilitoka na daftari langu, nikawaambia ukweli: nimeandika, lakini nilichoandika sikielewi. Mzee jirani akatikisa kichwa. Ndugu yangu akaniangalia kwa jicho ambalo sitaki kulieleza hapa. Hapo shangazi yetu, binti mkubwa wa sokoro, aliyekuwa amepita miaka themanini na mitano na ambaye tulidhani amesinzia kwenye kiti chake, akauliza kuna nini. Tukamweleza. Akacheka!

"Mimi naitwa nani?" akaniuliza.

"Kwamboka, shangazi."

"Na jina hilo unadhani tulilinunua sokoni?"

Kwamboka ni jina la kawaida sana Gusii. Shuleni nilisoma na akina Kwamboka watatu. Kwamboka maana yake ni kuvuka. Na desturi yetu ni kwamba mtoto hupewa jina la jamaa aliyekwisha kufariki, aghalabu babu au nyanya, ili jina lisipotee. Shangazi akaeleza kwa Ekegusii safi, baba na tata kila moja mahali pake: yeye alipewa jina la mama mzaa baba yake. Huyo ndiye aliyevushwa mto usiku. Huyo ndiye Kwamboka wa kwanza. Tata yao hakutoka popote, alizaliwa papa hapa.

Kumbe kumbukumbu niliyokuwa nikiitafuta karatasini ilikuwa imeketi kitini, imejifunga leso! Jirani yetu alikubali maneno ya shangazi, chai ikanywewa, na harusi ilifanyika.

Lakini sitaki msomaji afikiri kwamba hadithi hii imekwisha vizuri. Siku ile nilimuuliza shangazi: alivuka mto gani? Akasema babake aliutaja, ila yeye amesahau. Ikiwa ni Gucha, basi mama yule huenda alitoka upande mwingine wa Gusii. Ikiwa ni Sondu, basi huenda alitoka kwa Wakipsigis au kwa Wajaluo, na sisi sote tunaojipiga kifua kuwa Abagusii halisi tuna wajomba ambao hatujawahi kuwaamkua. Katika nchi hii yetu, ambapo kila msimu wa uchaguzi watu huambiwa jirani yao ni adui tangu jadi, hilo si jambo dogo kulijua. Sokoro alilijua. Naamini hata aliniambia. Mimi niliandika "mto," nikaweka nukta. Shangazi naye ametutoka mwaka uliofuata.

Tufanyeje basi? Kwanza, tuwarekodi wazee kwa lugha yao. Simu uliyo nayo mfukoni inatosha. Usitafsiri mzee anapozungumza, wala usimsahihishe. Tafsiri itakuja baadaye, na ikikosewa sauti yake itakuwepo ya kurekebisha kosa. Mimi nilihifadhi tafsiri nikapoteza kauli.

Pili, tuanze na majina. Muulize: jina lako lilitoka kwa nani, naye alipewa kwa nini? Kerubo alizaliwa nyikani? Nyanchera alizaliwa njiani? Wapi, mama yake akienda wapi? Majina ya mahali nayo yamebeba mengi. Masimulizi ya Abagusii husema kwamba Kabianga, huko Kericho, paliitwa hivyo kwa sababu kila kitu "kilikataa" hapo, mimea na mifugo pia, wakalazimika kuhama. Neno moja limebeba safari ya jamii nzima.

Tatu, tuandike kila neno la ujamaa kama lilivyosemwa, na maelezo kando: tata, baba, sokoro, magokoro, omomenyi. Nne, tupeleke wajukuu kwa wazee wakiwa na muda wa kukaa. Historia hii haitoki kwa maswali kumi ya haraka kabla ya gari kuondoka. Inatoka siku ya tatu, mzee akishachoka kukuonyesha adabu.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza matumizi ya lugha za kiasili. Ni vizuri. Lakini serikali haitakuja kuketi na nyanya yako.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wengi hulielewa kuwa majuto huja baadaye, jinsi mjukuu anavyokuja baada ya mwana. Mimi siku hizi nalielewa vingine. Yule anayejuta ni mjukuu mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuuliza. Ikiwa wewe bado una babu au nyanya aliye hai, Kisii, Nyamira au kwingineko, mpigie leo. Muulize alivuka mto gani.