Jembe la Kipupwe

Watu wa Unguja wamezoea kuuhesabu mwaka kwa pepo na mvua. Kaskazi huleta joto kuanzia Disemba. Masika huanza Machi na kumalizika Mei. Kisha kusi huvuma, na kutoka Juni hadi Agosti huwa ni kipupwe, majira ya baridi na ukavu. Huko Makunduchi, Mwaka Kogwa huangukia mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe. Mwaka huo wa siku 365, unaohesabiwa kwa makumi, ndio uliomwongoza baharia na mkulima tangu zamani.

Kwa mkulima, kipupwe ni wakati wa kutifua. Udongo wa kinamo uliolowa masika hukauka ukawa mgumu mithili ya tofali, na jembe hung'oa mabumba ambayo hayana budi kuvunjwa moja moja. Mizizi ya ndago hufukuliwa ikaachwa juani ife, ili mvua za vuli zikifika, vijiti vya muhogo vikute mahali palipotayarishwa. Kwenye uwanda wa mashariki na kusini taabu huzidi: udongo ni haba juu ya jiwe la matumbawe, na mtaimbo hulitangulia jembe. Ndipo waliposema wahenga kwamba mchagua jembe si mkulima.

Ugwe ni kamba. Na ngwe ni kipande cha ardhi kilichopimwa ili mtu akilime. Lakini ngwe ya nani? Hapo ndipo historia yetu inapoanza.

Jang'ombe ni mtaa wa Ng'ambo, upande wa pili wa ule mkono wa bahari, sasa umefukiwa, uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe. Waliokaa Ng'ambo walikuwa wapagazi, mafundi na vibarua, na wengi walijenga nyumba zao juu ya ardhi ya watu wengine. Mwaka 1928 wapangaji hao waligoma kulipa kodi ya viwanja. Mashambani nako dhiki ilikuwa ile ile kwa sura nyingine. Mkulima asiye na ardhi aliruhusiwa kupanda muhogo kati ya mikarafuu ya mwenye shamba, kwa kuwa palizi yake iliihifadhi mikarafuu hiyo. Lakini alikatazwa kupanda mnazi au mkarafuu wake, kwani mti wa kudumu ulikuwa dalili ya umiliki. Jasho lake la kipupwe lilimpa haki ya mavuno ya muhogo, wala halikumpa haki ya kesho. Baada ya uchaguzi wa 1957, uhasama wa vyama ulipoingia mashambani, wengi walifukuzwa hata katika ngwe hizo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilifanywa mali ya serikali, na mwaka 1965 ulianza ugawaji wa eka tatu tatu. Zaidi ya familia 20,000 za Unguja na Pemba zilipata. Uzito wa jambo hilo haumo katika ukubwa wa ardhi, kwani eka tatu ni kama hekta moja na robo tu. Uzito umo katika mti. Muhogo hungoja mwaka. Mnazi na mkarafuu hungoja miaka sita au zaidi. Aliyepewa eka tatu aliweza kuchimba shimo katika udongo mgumu, akatia mche ambao mjukuu wake angeukwea.

Eka hizo zilitolewa zilimwe, si zigawanywe wala ziuzwe. Hata hivyo mji umepanuka, na penye minazi pamesimama kuta za matofali. Nyumba ni haja ya kila mtu, na hakuna wa kuilaumu. Lakini udongo uliotifuliwa kwa vipupwe vingi ukishafunikwa kwa saruji haurudi tena kuwa konde. Anayeuza na anayenunua, wote wawili, wajue kwanza kilichomgharimu mwenziwao kuupata mti wake.