Jumba la mizuka lilipovunjwa, ugomvi wa zamani ukafufuka

Tarehe 4 Septemba 2022 milango ya Spookslot ilifungwa kwa mara ya mwisho. Lilikuwa kasri la mizuka, lililojengwa likiwa gofu tangu siku yake ya kwanza, ndani ya bustani ya Efteling katika mji mdogo wa Kaatsheuvel, kusini mwa Uholanzi. Kwa miaka 44 watu waliingia humo gizani, wakasimama kimya, wakatazama makaburi yakitikisika na fidla ikijipiga yenyewe hewani huku muziki wa Camille Saint-Saëns ukirindima. Kisha wakaja wavunjaji. Tarehe 31 Oktoba 2024 mahali hapohapo pakafunguliwa Danse Macabre, jukwaa la duara lenye viti 108 linalozunguka na kuinama kwa kufuata muziki uleule.

Mashabiki waligawanyika. Wapo waliosema jumba lilikwishachakaa na kwamba vijana wa leo hawasimami dakika saba kutazama wanasesere wa mizuka. Wapo waliolia kama watu waliouziwa nyumba ya babu yao. Hoja yao ilikuwa moja: kitu kipya kinaweza kuwa kizuri, lakini je, ni cha hapa?

Swali hilo halikuanza juzi. Lilizaliwa pamoja na bustani yenyewe.

Efteling ilifungua Msitu wa Hadithi tarehe 31 Mei 1952, ikiwa na hadithi kumi tu. Aliyeichora ni Anton Pieck, msanii aliyezaliwa mwaka 1895 na aliyependa nyumba zilizopinda, vigae vya kale na madirisha yenye ukungu. Peter Reijnders, mtaalamu wa mitambo, ndiye aliyezifanya picha hizo zitikisike na kusema. Pieck alikubali kazi kwa sharti ambalo wapenzi wa bustani hulikariri mpaka leo: vifaa viwe vya kweli. Jiwe liwe jiwe, mti uwe mti. Ndiyo maana mtoto akigusa ukuta wa kibanda cha mchawi, mkono wake unagusa matofali. Hata mapipa ya taka yalipewa uhai. Tangu mwaka 1959 mtu mnene aitwaye Holle Bolle Gijs hukaa kinywa wazi akiomba karatasi, na watoto huzunguka bustani nzima wakitafuta cha kumlisha.

Hadithi ziliendelea kuongezeka. Ya mwaka 1966, ya mayungiyungi ya maji ya India, iliandikwa na Malkia Fabiola wa Ubelgiji.

Mwaka 1981 akaja nyoka. Python ni treni ya chuma inayopaa mita 29, inayokimbia kilomita 75 kwa saa na kuwapindua abiria vichwa chini mara nne. Bustani ilihitaji vijana, nao walikuwa wameanza kuona hadithi za kulala ni za wadogo zao. Waliopinga waliona msitu wao ukigeuka uwanja wa pembea wa sikukuu, na mtu anaweza kuwaelewa: chuma kilichopakwa rangi, kimesimama uchi juu ya miti, hakina hadithi yoyote ya kusimulia. Lakini vijana walikuja. Mwaka 2018 reli za Python zilipochakaa, bustani haikuing'oa. Ilijenga upya sehemu kubwa ya njia yake kwa umbo lilelile, na waliofurahi walikuwa wengi kuliko walionung'unika. Yule mgeni wa 1981 alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji.

Spookslot nayo ilikuwa mgeni siku zake. Ilifunguliwa mwaka 1978, kazi ya Ton van de Ven, mrithi wa Pieck, ili bustani iwe na kitu cha kuwatisha wakubwa. Waliolia mwaka 2022 walikuwa wanakililia kitu ambacho wakati wake kilikuwa kipya.

Lakini mjadala unaostahili kusomwa kwa makini zaidi na msomaji wa Kiswahili ni ule wa chungu.

Mwaka 1988 Efteling ilifungua mchezo ulioitwa Monsieur Cannibale, jina lililotoka kwenye wimbo wa Kifaransa wa Sacha Distel. Familia ziliketi ndani ya vyungu vinavyozunguka. Katikati alisimama mpishi mkubwa mweusi, sura yake imetiwa chumvi kupita kiasi. Wageni ndio walikuwa kitoweo. Wimbo ulichangamsha, watoto walicheka, na vizazi viwili vya Waholanzi walitoka hapo na kumbukumbu tamu za utotoni. Wachache waliosimama kando na kuuliza yule mpishi ni nani, na anatoka wapi, waliambiwa kwamba huo ni mchezo tu.

Haukuwa mchezo tu. Sura ile ilikuwa imerithiwa moja kwa moja kutoka katika vitabu vya wakoloni, vilivyomchora Mwafrika kama mla watu ili kuhalalisha kumtawala. Malalamiko yaliongezeka mwaka hadi mwaka, na mwaka 2021 bustani ikakubali kuubadilisha. Wengi wa mashabiki walikasirika, tena kwa hoja ileile iliyotumiwa kuitetea Spookslot: kitu hiki ni cha zamani, kinapendwa, ni sehemu ya Efteling. Hapo ndipo hoja hiyo inapoonyesha ufa wake. Kupendwa kwa miaka mingi hakukifanyi kitu kiwe cha haki, na bustani iliyojengwa kwa hadithi inapaswa kujua kuliko wote kwamba hadithi humjenga au humvunja mtu.

Mwaka 2022 vyungu vikawa Sirocco. Mashine ilibaki inazunguka vilevile, lakini sasa msafara ni wa Sindbad, baharia wa Alfu Lela Ulela, akipambana na tufani. Jina ni la upepo wa joto unaotoka Sahara kuelekea Mediterania. Sindbad anajulikana vizuri na wasomaji wa pwani yetu, ambako majahazi yamekuwa yakingoja kaskazi na kusi kwa karne nyingi. Tena ana ndugu palepale: tangu mwaka 1986 Efteling ina Fata Morgana, safari ya mashua ndani ya mji wa Mashariki wa kubuni. Kwa kipimo chochote, Sindbad anafaa mahali pale kuliko mpishi aliyemtangulia, na wanaomlilia mpishi hawajaeleza bado alikuwa anasimulia hadithi gani.

Miaka ya karibuni mambo yamekwenda mbio: treni ya mbao ya Joris en de Draak mwaka 2010, mgodi wa Baron 1898 mwaka 2015, kasri la Symbolica mwaka 2017. Kila kimoja kilibishaniwa, kila kimoja kikazoeleka.

Wanaojenga bustani za michezo Afrika Mashariki wangefanya vyema kuufuatilia ubishi huo. Kwetu pembea huagizwa zikiwa zimeshapakwa sura za katuni za kigeni, na hakuna anayeuliza kama zinafaa. Sungura na Fisi wapo. Fumo Liyongo yupo. Wachoraji wapo pia, na hawajaitwa.